Kidokezo Mbele ya Saba

Mama alijisifu kwamba barabara ile anaweza kuivuka akiwa amefumba macho, kisha akaongeza mwenyewe kwamba shida ni kuivuka akiwa ameyafumbua. Alisema hayo akiwa amekaa kwenye kigoda katikati ya barabara, juu ya tuta la saruji linalotenganisha magari yanayokwenda na yanayorudi. Kigoda kilikuwa chake. Alikifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya taa, na ufunguo aliutia kwenye mfuko wa gauni lake la bluu, pamoja na peremende na kadi ya zahanati.

Binti yake alisimama kando, simu mkononi, akihesabu sekunde.

"Ngapi?" mama aliuliza.

"Kumi na tisa, mama, tangu ukingo huu mpaka ule, bila kupumzika. Taa inakupa saba."

"Saba zinaniishia hatua tatu kabla ya tuta. Zilizobaki huwa navushwa na honi."

"Nimeona."

"Mbona hao wengine wanafika?"

"Wanakimbia."

"Basi waambie wenye taa kwamba mimi nilishakimbia, zamani. Wazihesabu na mbio zile."

Ng'ambo ya barabara ilikuwapo zahanati ya mazoezi ya viungo. Mama alivunjika nyonga kwenye ngazi mwaka uliopita, na mfupa uliunga kwa ukaidi, ukielekea upande wake wenyewe. Mtaalamu wa mazoezi alimwambia aje kila Jumanne na Ijumaa, saa tatu asubuhi, kwa muda wa miezi mitatu. Asipokuja, nyonga itaganda, na ikishaganda hakuna wa kuigandua. Kwa hiyo ili mama ajifunze kutembea ilimpasa kwanza atembee upesi. Wiki iliyopita kioo cha gari kilipita na gongo lake. Leo alivuka na fimbo ya ufagio.

"Ijumaa siji," mama alisema. "Kioo kilichobeba gongo kitarudi kumfuata mwenye gongo. Nyonga ikitaka kunyooka, itanyookea kitandani."

"Utakuja, mama. Na utavuka kwa kijani mwanzo mpaka mwisho."

"Nani atawaambia hao wenye taa?"

"Mimi ndiye ninayeziambia taa. Ndiyo kazi yangu."

Mama alimtazama kwa jicho la kumpima, kama anayepima samaki aliyeambiwa ni wa leo. "Miaka sita uko kwenye hiyo kazi," alisema, "na mimi nakaa katikati ya barabara."

Hilo lilikuwa kweli. Binti alikuwa fundi wa programu katika kitengo cha taa za barabarani, ghorofa ya nne, dawati la karibu na dirisha, na wenzake walimwita Dada Fundi. Programu iliyoongoza taa za mji mzima iliandikwa na mtu waliyemwita Marehemu. Hakuwa amekufa. Aliuza majokofu kwenye duka lililo mkabala na ofisi na mchana aliwapungia mkono. Lakini aliacha kazi bila kumkabidhi mtu chochote, hata maelezo ya mstari mmoja, na wao wakaona njia rahisi ni kumlilia mara moja wakamaliza. Mistari yake hakuna aliyeigusa. Aliyeigusa mara ya mwisho alisababisha taa zote za mji kuwa nyekundu kwa siku moja na nusu, na watu waliokuwa kwenye magari walifahamiana sana.

Mchana huo Dada Fundi alifungua faili ya taa ya zahanati. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi:

vusha(7, 110, 3, 7, 1, 7)

Marehemu alipenda saba. Katika saba hizo tatu, moja ndiyo iliyomwacha mama hatua tatu kabla ya tuta. Nyingine mbili zingeweza kuwa chochote, hata nambari ya nguzo.

"Washa vidokezo, dada," alisema jirani yake wa dawati, kijana wa makamo waliyemwita Kaka Chaja kwa kuwa aliomba chaja tangu siku aliyoajiriwa. "Programu ya kuandikia inajua kila namba inaitwaje. Itakuwekea jina mbele, kwa maandishi madogo ya kijivu. Humo ndani ya faili hayamo, yanaonekana tu."

Dada Fundi aliingia kwenye mipangilio. Palikuwa na machaguo matatu: vidokezo visionekane, vionekane mbele ya namba tupu, au vionekane mbele ya kila kitu. Alichagua mbele ya kila kitu, kwa sababu alikuwa amedhamiria, na mtu aliyedhamiria hachagui kitu cha katikati. Chini yake palikuwa na kisanduku cha kutia alama: *Usionyeshe kidokezo pale jina na kitu vinapofanana.* Alitia alama, maana hakupenda takataka kwenye skrini. Chini kabisa palikuwa na orodha yenye kichwa *Wasioguswa*, tupu. Aliiacha. Akahifadhi.

Maandishi ya kijivu yalitokea. Saba ya kwanza iliitwa *nguzo*. Ya pili iliitwa *kusubiri*. Ya mwisho iliitwa *wenye miguu*. Dada Fundi aliweka kidole kwenye kioo cha skrini, juu ya ile saba ya mwisho, kama mtu aliyempata mwizi wa kuku kwenye foleni ya kuungama.

Wakati huo huo mama wa chai aliingia na birika.

"Chai hii, wanangu, ya sasa hivi," alisema.

Kabla ya maneno *ya sasa hivi*, hewani, mbele ya mdomo wake, yalijitokeza maandishi madogo ya kijivu: *ya jana:*. Yalikaa kwa muda wa pumzi moja, kisha yakafutika. Kaka Chaja aliyasoma, akachukua nusu kikombe.

Dada Fundi alirudi kwenye mipangilio kuhakikisha. Palikuwa pameandikwa mbele ya kila kitu. Hapakuwa na kosa. Alichagua mwenyewe.

Kufikia jioni ofisi nzima ilikuwa imezoea. Mtu akisema "nipo njiani," mbele ya neno yanakuja *kitandani:*. Mtu akisema "ripoti imebaki kidogo," yanakuja *sijaanza:*. Aliyesema lililo kweli hakutokewa na chochote, kwa ajili ya kile kisanduku, maana jina na kitu vilifanana. Mlinzi wa mlangoni alizungumza mchana kutwa bila kidokezo hata kimoja, na watu wakaanza kumwonea huruma. Malalamiko yaliyofika kwa Dada Fundi yalikuwa mawili tu. La kwanza, kwamba kijivu hakionekani vizuri dirishani. La pili, la wale wenye miwani, kwamba maandishi ni madogo mno. Aliyaongeza ukubwa hatua mbili, wakamshukuru, na mbele ya shukrani nyingi hapakutokea kitu.

Yalimfuata mpaka nyumbani. Mama alikuwa jikoni, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nyonga vipi leo?"

"Haiumi," mama alisema, na mbele ya neno yakaja *usiku kucha:*.

Mama aliyasoma kwa kuyasogelea, shingo mbele, kama anayesoma tarehe kwenye kopo. "Hivi vijidudu vyako vinaona mpaka ndani ya mfupa?"

"Ni vidokezo, mama."

"Viambie basi na kwenye chai vinidokezee. Nimetia kijiko kimoja." *Vitano:*, yakasema maandishi. "Haya, vimeacha kunisaidia," alisema mama, akakoroga.

Kubadili namba yoyote kulihitaji neno la siri la mkuu wa kitengo. Alhamisi asubuhi Dada Fundi alikwenda ofisini kwake na karatasi moja: saba iwe kumi na tisa, taa ya zahanati. Mkuu alikuwa mtu mwembamba, mwepesi, mwenye viatu vya mpira na meza isiyo na vumbi.

"Karibu, keti," alisema. Mbele ya *karibu* maandishi yalisema *fanya upesi:*. Dada Fundi aliketi upesi.

"Mkuu, saba hazitoshi. Mama yangu anahitaji kumi na tisa. Wiki iliyopita gari limeondoka na gongo lake. Kesho ana zamu ya mazoezi, na amesema haji tena."

"Pole kwa mama. Lakini saba haikuokotwa. Ilipimwa kitaalamu. Marehemu na mimi tulichukua wazee kumi na wawili, tukawavusha mmoja mmoja."

Mbele ya wazee kumi na wawili yalitokea maandishi makubwa ya kutosha, hatua mbili zaidi ya kawaida: *mimi, koridoni:*.

Wote wawili waliyasoma. Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Maandishi yalikuwa yameshaondoka lakini hakuna aliyejifanya hayakuwapo.

"Ndiyo," alisema. "Koridoni. Kutoka mlango wa choo mpaka dirishani. Nilipima kwa kamba, urefu ni ule ule."

"Koridoni hakuna magari, mkuu."

"Hakuna jua pia."

"Na wewe huna nyonga."

"Ninazo mbili," alisema mkuu, na hapakutokea kitu, kwa kuwa alikuwa nazo. "Tena siku ile nilikuwa na haraka, mkutano ulikuwa umeshaanza." Hapo pia hapakutokea kitu.

Dada Fundi alisukuma karatasi mbele. "Basi tumeshajua saba ilitoka wapi. Turekebishe."

"Sikiliza, dada. Nikiwaongezea wenye miguu sekunde kumi na mbili, foleni ya magari itarudi nyuma mpaka kwenye lango la Jengo Kubwa. Wakubwa watachelewa. Sikatai kwa ajili yangu. Nakataa kwa usalama wa wote."

*Cheo changu:*, yakasema maandishi, mbele ya usalama wa wote. Mkuu aliyasoma kama mtu anayesoma jina lake kwenye bahasha.

"Vinazimwaje hivi?" aliuliza kwa upole.

Dada Fundi angeweza kusema hajui. Lakini alijua, na mbele ya *sijui* yangetokea maandishi. "Ukivizima, tutarudi kutojua namba ipi ni ipi," alisema. "Ila kuna orodha ya wasioguswa."

"Nitie humo."

Alikwenda kwenye dawati lake, akaandika jina la mkuu katika orodha, akahifadhi. Aliporudi, mkuu alikuwa ameshagonga muhuri juu ya ile karatasi.

"Saba inabaki," alisema. "Uamuzi ni wa kitaalamu."

Mbele ya maneno yake hapakuwa na kitu, lakini kuanzia sasa hilo halikuwa na maana yoyote.

"Jitie na wewe," mkuu aliongeza. "Itakupunguzia tabu."

"Hapana, mkuu. Mimi nitakaa nje."

Kufikia mchana wakuu wote wa vitengo walikuwa wameingia katika orodha, na msaidizi wa mkuu, na shemeji ya msaidizi ambaye hakuwa mfanyakazi wa pale. Mama wa chai aliulizwa kama anataka kuingizwa. Alikataa. Alisema wateja wake wameshamzoea.

Ijumaa, saa tatu kasoro dakika tano, Dada Fundi alimpigia mama simu.

"Uko wapi?"

"Ukingoni, na fimbo ya ufagio. Nimekuja kukuaga tu, sivuki."

"Ukiona kijani, vuka. Usiharakishe."

"Na ikizimika?"

"Haizimiki."

"Ulibadilisha ile saba?"

"Hapana, imebaki. Vuka, mama."

Kwenye dawati lake kulikuwa na kitufe cha majaribio. Kilitengenezwa kwa ajili ya fundi wa balbu: ukikibonyeza bila kuachia, kijani cha wenye miguu kinakaa, ili aliye juu ya ngazi aone kama balbu inawaka. Hakikuhitaji neno la siri la mkuu. Waliopanga kanuni za ofisi hawakufikiri kwamba mtu anaweza kuweka kidole mahali pamoja na kukiacha.

Alikiweka. Kwenye skrini ya kamera aliona gauni la bluu likishuka ukingoni. Mama alitembea kwa mwendo wake, mguu mmoja ukienda, mwingine ukishauriwa. Hatua tatu kabla ya tuta, mahali pale pa siku zote, aliinua macho kuitazama taa. Ilikuwa kijani. Alifika kwenye kigoda, akakagua kufuli, akaridhika, akaendelea. Magari yalipiga honi, na juu ya boneti zake yalionekana maandishi ya kijivu, *nilichelewa kuamka:* mbele ya pii moja, *sina ninakokwenda:* mbele ya nyingine. Mama alipanda ukingo wa pili. Sekunde ishirini na sita, pamoja na ukaguzi. Akageuka, akainua fimbo ya ufagio kuielekea kamera, kama askari anayetoa heshima kwa mkubwa asiyemjua.

Dada Fundi aliondoa kidole. Ncha yake ilikuwa nyeupe.

Jumanne iliyofuata mama alikuja na jirani yake wa magongo mawili. Ijumaa wakaja na mzee wa kiti cha magurudumu na mjamzito aliyekaribia kujifungua. Mama hakuwa mtu wa kula kitu kizuri peke yake akanyamaza. Aliwaambia watu wa zahanati, na watu wa zahanati wakawaambia watu wa zahanati ya macho iliyo nyuma yake. Wiki ya tano walikuwa sitini na mmoja. Walijipanga ukingoni kuanzia saa mbili na nusu, fimbo, magongo, miwani myeusi, watoto mgongoni, na saa tatu kijani kilipowaka walishuka wote pamoja, wale wa mbele wakiwasubiri wa nyuma katikati ya barabara bila wasiwasi. Mama aliongoza. Nyonga yake ilikuwa imeanza kusikia maneno, na kama angevuka peke yake angetumia kumi na tano. Msafara ulitumia dakika nne.

Siku nyingine tano, saba ilikuwa saba. Aliyekuwa na zamu ya Jumatano alivushwa na honi kama zamani. Alhamisi moja kioo cha gari kilibeba gongo la mtu mwingine, na Jumapili kigoda cha mama kilikaliwa na watu watatu kwa zamu. Kila Jumatatu Dada Fundi aliandika ombi jipya, saba iwe kumi na tisa, akalitia sahihi, akalipeleka mwenyewe. Kila Jumatatu mkuu alijibu, "Linashughulikiwa," kwa sauti safi isiyo na kitu mbele yake. Dada Fundi alirudi, akafungua faili, akaisoma ile *wenye miguu* ya kijivu mbele ya saba, ili asije akasahau ni ipi.

"Acha, dada," Kaka Chaja alimwambia siku moja. "Mama yako si anavuka?"

"Mama anavuka."

"Sasa?"

"Sasa nisaidie chaja," alisema Dada Fundi, kwa kuwa alikuwa anaandika ombi la nane na mashine ilikuwa inazimika. Kaka Chaja hakuwa nayo.

Jumanne ya wiki ya tisa, msafara ulifika watu themanini. Saa tatu na dakika tatu mkuu alitoka ofisini kwake akitembea upesi, mwendo wa koridoni, akasimama nyuma ya dawati la Dada Fundi. Alikuwa na simu mkononi na ndani yake mtu wa Jengo Kubwa alikuwa bado anaongea.

"Foleni imefika langoni," mkuu alisema. "Taa ya zahanati ina dakika tatu iko kijani kwa wenye miguu. Wewe ndiye mwenye taa zile. Kuna nini?"

Dada Fundi alikuwa amekaa, mkono wa kushoto kwenye kibodi, wa kulia umefichwa nyuma ya kikombe cha chai ya jana. Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Kwenye skrini ya kamera, mzee wa kiti cha magurudumu alikuwa amenasa gurudumu kwenye ukingo wa tuta, na mama alikuwa amesimama kando yake juu ya saruji, mkono kiunoni, akimwelekeza mtu jinsi ya kulinasua. Nyuma yao kulikuwa na watu thelathini bado.

Hakuwahi kumdanganya mkuu. Aliwahi kujisifu hivyo mbele ya wenzake, na hapakutokea maandishi.

"Ni waya, mkuu," alisema. "Umelegea."

Mbele ya *waya*, wazi kabisa, kwa ukubwa ule aliouongeza mwenyewe ili wenye miwani wasome, maandishi ya kijivu yalisema *mama:*.

Kaka Chaja aliyasoma kutoka dawati lake. Mama wa chai aliyasoma kutoka mlangoni. Mkuu aliyasoma, kisha akainama kuitazama skrini ya kamera kwa karibu.

"Huo waya," aliuliza, "ndio ule wenye gauni la bluu?"

Gurudumu lilinasuka. Mama aliinua fimbo ya ufagio, msafara ukaanza tena kusogea. Zilibaki hatua kumi hivi, kwa mguu ule.

"Siyo," alisema Dada Fundi.

*Ndiyo:*, yakasema maandishi, na yeye hakuondoa kidole.